Mwendo Niliokuachia

Zuhura mwanangu,

Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza na salamu, halafu linakuja "dhumuni kubwa la barua hii". Mimi nilitoka kidato cha pili kabla hatujafika kwenye barua za wazazi kwa watoto, kwa hiyo utanisamehe, nitaingilia mlango wowote nitakaoukuta wazi. U mzima? Najua u mzima. Umetoka hapa sasa hivi na mama yako kwenda Mkonze kumuaga shangazi yako, na ulikuwa unatafuna muhindi wa kuchoma kama mtu ambaye kesho hana safari.

Nimekaa mezani kwako. Kalamu ni yako, karatasi ni za daftari lako la fizikia. Ukikuta kurasa za katikati hazipo, mwizi ndiye huyu. Mambo ya sweta, dawa ya meno, usilale bila neti, usimwachie begi mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema mara tatu, na kesho njiani kwenda stendi atayasema ya nne. Mimi sitayagusa. Kila mtu na kazi yake humu ndani.

Naandika kwa sababu ya ile bahasha ya kaki.

Unaijua. Majibu ya kipimo chako cha mwisho, aliyokupa Dada Neema wa kliniki ya viungo umpelekee kocha wa kambi huko Arusha. Juzi nilikwambia uiache. Nilisema hivi, na najinukuu kwa sababu mimi ni mtu wa kusema maneno ya kukumbukwa: "Goti ni lako, siyo la kocha. Akikuuliza, mwambie ni zima kama reli." Ukasema, "Sawa, Baba." Ukaichukua bahasha ukaisukumia juu ya kabati, chini ya sanduku la mama yako.

Ile "sawa" yako imenikaa kooni kama mwiba wa perege. Nikajaribu kuimeza, nikashindwa. Halafu leo asubuhi nilikuwa nanawa uso pale kwenye pipa, nikakuona uani. Ulidhani uko peke yako. Ulikuwa unatembea kutoka jikoni mpaka mlango wa choo, unarudi, unajitazama kwenye kioo cha dirisha. Mgongo umenyooka, kidevu juu, hatua sawasawa. Nikautambua mwendo ule, maana mwalimu wake ni mimi. Mtu aliyepona hatembei vile, Zuhura. Anayetembea vile ni mtu anayeficha.

Basi ngoja nikwambie vizuri. Kuomba radhi kwa mstari mmoja sikujaliwa. Mimi nikikosea, lazima nianzie Kondoa.

Hadithi ya siku tatu umeisikia tangu hujaota meno. Kwamba baba yako, Rajabu huyu unayemwona, alikuwa mkimbiaji ambaye vilima vyote vya Kondoa vilimpigia saluti. Hilo ni kweli, usilitoe. Kwenye mwinuko nilikuwa nawapita watu kama wamesimama kusalimiana. Kwamba nilipokuwa na miaka kumi na sita niliteleza nikiteremka, kifundo cha mguu wa kushoto kikageuka, babu yako akanikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo, akanifunga kitambaa, na siku ya tatu nikaamka nikakimbia. "Damu ya kwetu ni siku tatu," nilikuwa nakwambia. "Ya nne ni uvivu." Ulikuwa unacheka mpaka unalala chini, halafu unaomba niisimulie tena.

Sasa sikiliza kipande ambacho sijawahi kukisimulia.

Siku ya tatu niliamka kweli. Nikakimbia kweli, kutoka nyumbani mpaka kisimani, babu yako amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama. Nilipofika nyuma ya vichaka vya kisima, ambako hanioni, nilikaa chini, nikaingiza shati mdomoni, nikalia. Kisha nikanawa uso, nikarudi nikikimbia, natabasamu. Babu yako akasema, "Mwanaume." Neno moja tu. Nimelila neno hilo miaka ishirini na miwili, na kifundo nacho kimenila mimi.

Na lile la shule. Hapa Miyuji nimewaambia watu wote kwamba mimi sikushindwa na shule, shule ndiyo iliyonishindwa. Wanacheka, tunaendelea. Ukweli ni kwamba shule ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na vivyo hivyo kurudi, na katikati kuna milima miwili. Kifundo kilikuwa kinavimba nikifika mlima wa kwanza. Mwalimu wa darasa aliniuliza mbele ya watu, "Rajabu, mbona siku hizi unachelewa? Unaumwa?" Alinifungulia mlango kabisa, ilikuwa ni kuingia tu. Mimi nikajibu, "Naumwa na hesabu zako, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko, mpaka mwalimu mwenyewe. Nilikuwa hodari siku ile, acha. Wiki mbili baadaye nikaacha shule.

Nilikuwa napenda hesabu, Zuhura. Hilo hata mama yako hajui.

Nikaja Makutupora kupogoa mizabibu msimu mmoja tu, nikabaki. Wewe ulianza kuja shambani ukiwa mgongoni kwa mama yako, baadaye kwa miguu yako mwenyewe. Ulipofika miaka minne ukawa unanifuata kati ya mistari ya mizabibu. Na unanijua, mimi nikimaliza mstari siwezi kuhamia wa pili kwa kutembea kama watu. Lazima nikimbie, wenzangu waone. Wewe nyuma. Kulikuwa na mwenzetu mmoja Mgogo, akituona tu anaweka mkasi chini anapaza salamu ya kwao: "Mbukwenyi! Tazameni, mtu na kivuli chake!" Ulikuwa unakanyaga nilipokanyaga. Udongo ule mwekundu ulikuwa laini, unaweka mguu wako mdogo ndani ya alama ya mguu wangu, ukikosea unarudi kuanza upya. Siku moja niligeuka nikakuona unavyofanya, kichwa kikanivimba. Nikasema huyu ni mkimbiaji huyu. Ukocha nikaanza siku hiyohiyo. Cheti nilijipa mwenyewe.

Kwenye mizabibu, chipukizi unalifunga kwenye waya likiwa bado laini. Linafuata unavyolifunga. Ukilifunga kombo halilalamiki, linakua hivyohivyo na linazaa hivyohivyo, na ukija kushtuka limeshakuwa mti. Kazi hiyo nimeifanya nusu ya maisha yangu, wala sikuwahi kujifikiria hata siku moja.

Siku goti lako la kulia lilipokuacha, kwenye mashindano ya shule za mkoa, sitaisimulia. Ulikuwepo. Nitasimulia siku zilizofuata, kwa sababu huko wewe ulikuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyekuwa na akili zangu timamu, kwa hiyo kesi ni yangu.

Mama yako alisema jioni ileile, "Baba Zuhura, mtoto apelekwe hospitali." Nikamwambia hospitali ya nini, hii ni damu ya siku tatu. Nikachemsha maji. Nikatafuta mafuta ya nyonyo soko zima. Nikakukanda jinsi babu yako alivyonikanda, na wewe ulivyo na adabu ya kijinga, hukupiga hata ukelele. Siku ya tatu asubuhi nikakuamsha. Nikakupeleka kwenye ile njia ya nyuma ya msikiti, nikasimama mwisho wa njia, mikono nyuma. Nikakwambia, "Njoo."

Ulikimbia hatua kumi na moja. Nilizihesabu. Na ulikuwa umeuma kola ya fulana.

Niliiona ile kola mdomoni mwako, mwanangu. Katika dunia nzima hakukuwa na mtu aliyejua maana ya nguo mdomoni kunishinda mimi. Nikafungua mdomo wangu nikasema, "Safi sana, binti yangu."

Mengine yote nitajitetea, unanijua kwa maneno. Hilo sina utetezi wake.

Mchana goti lilikuwa kubwa kama papai. Mama yako hakugombana. Angegombana ningefurahi. Alijitanda mtandio, akaita bajaji, akakuingiza mwenyewe, mimi nikapanda pembeni kwa dereva kama mtu wa mizigo. Daktari akasema kano ya goti imechanika nusu, na kwamba hicho kipande kingine cha nusu tumshukuru Mungu kwa kukibakiza. Ulipumzishwa, ukafungwa, ukapewa magongo. Ndipo wakatuelekeza kwa Dada Neema.

Unakumbuka nilivyoingia pale? Kifua mbele. Yule binti akanisalimia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lakini mzee ni nani? Mimi na wewe tungeweza kukaa dawati moja."

Ukanikata palepale, na magongo yako: "Baba, wewe unaacha shule yeye alikuwa bado ananyonya."

Akacheka yule binti mpaka akashika ukuta. Akaanza kukubandika vile vibandiko vya duara vinavyong'aa kama macho ya paka gizani. Kiunoni, magotini, vifundoni, kwenye vidole vya miguu. Nikamuuliza, "Sasa huyu anapimwa au anapelekwa harusini?" Kamera zimekaa ukutani pande zote kama majirani wambea. Chini kuna lile bamba la sakafuni linalopima unakanyaga kwa uzito gani. Ukapita, na kwenye kompyuta akatokea mtu wa vijiti, hana sura, hana nguo, hana nywele. Lakini alikuwa wewe. Ningewekewa watu wa vijiti mia moja ningekutambua.

Kabla hujapita, nilikuinamia sikioni. Unakumbuka. Nilikwambia, "Tembea kama gwaride. Kamera haijui maumivu."

Ukatembea. Kwa macho ulikuwa umenyooka kama mshale, nikapiga makofi. Dada Neema hakupiga. Akaleta kwenye kioo michirizi miwili, mmoja wa mguu wa kushoto, mmoja wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umesimama kama mlima. Wa kulia kama kichuguu.

"Zuhura," akasema, "mguu wa kulia unaukanyagisha kama chini kuna mayai. Nani amekwambia utembee hivi?"

Ukatazama dari. Mimi nikatazama dirisha. Yule binti akatutazama wote wawili akawa ameshapata jibu lake.

"Baba Zuhura," akaniambia taratibu, "hapa hatutafuti mshindi. Mtoto akikaza, mimi nitatibu mguu wa uongo, na ule wa kweli atarudi nao nyumbani."

Nilimchukia siku mbili nzima. Ya tatu nikaanza kumwelewa. Unaona, hata akili yangu ni ya siku tatu.

Ile miezi ndiyo nitakayoikumbuka wewe ukiwa mbali. Kusimama kwa mguu mmoja mbele ya kioo. Kukaa kwenye kigoda polepole kama bibi harusi na kuinuka polepole zaidi. Na kila baada ya muda, vibandiko, kamera, mtu wa vijiti. Ulivyokuwa unanieleza njiani tukirudi: "Baba, leo wa kulia umepanda. Baba, umeona pale goti lilivyokuwa linaingia ndani? Leo halikuingia sana." Mimi najifanya naitikia tu kwa kuwa ni baba. Lakini ile michirizi niliielewa, Zuhura. Niliielewa haraka kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nakaa kwenye benchi pale najua mstari utakwenda wapi kabla haujaenda, na nilikuwa na furaha ya mvulana wa kidato cha pili. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza kwa nini basi niliacha.

Halafu ikaja siku yenyewe.

Goti lilikuwa limeshashika. Dada Neema akakuweka kwenye mashine ya kukimbilia, akatazama, akakunja uso. Akarudisha picha nyuma. Akatazama tena. Akasema goti linafanya kazi yake vizuri, lakini kuna kitu kingine. Mguu wa kushoto ukitua, unaondoka haraka kabla ya wakati wake, kiuno kinainama, na mwili wote unatupwa kulia. Kila hatua, goti la kulia linabeba mzigo wake na wa mwenzie. "Na kushoto hajawahi kuumia," akasema. "Kifundo chake ni kizima, nimekipima. Huu mwendo ni wa zamani kuliko ajali. Sijui ameutoa wapi."

Mimi nikaona mtoto wa watu amechanganyikiwa, nikaamua kumsaidia. Nikavua viatu. "Wewe hujaona mbio," nikamwambia. "Nibandike mimi hivyo vidude, nikuonyeshe ameanzia wapi." Ukasema, "Baba, tafadhali usituaibishe." Nikakunja suruali mpaka magotini.

Nikakimbia. Wallahi nilikimbia vizuri. Nilikuwa nasikia upepo wa Kondoa.

Nikashuka natweta, nasubiri sifa. Dada Neema alikuwa ameweka watu wawili wa vijiti kwenye kioo, mmoja mrefu, mmoja mfupi kidogo, wanakimbia pamoja. Mguu wa kushoto unatua, unaondoka haraka. Kiuno kinainama. Mwili unatupwa kulia. Wote wawili, kwa pamoja, kama wanavutwa na kamba moja.

"Baba Zuhura, kifundo chako cha kushoto kiliumia lini?"

"Hakijawahi."

Wewe ndiye uliyesema, kwa sauti ndogo, "Siku tatu."

Nilidhani utakasirika. Ungekuwa na haki, na siku mbili baadaye ulikasirika kweli, ukaniambia nilikuwa najifanya kocha na mwenyewe nachechemea, na ni kweli. Lakini pale pale, kabla hasira haijakukuta, uliwatazama wale watu wawili wa vijiti, ukaanza kucheka. Ukasema, "Kumbe nakimbia kama wewe!"

Ulifurahi. Hicho ndicho kilichonimaliza. Ulisema kama mtu aliyeambiwa ana macho ya baba yake.

Nikaomba kwenda kujisaidia. Sikwenda kujisaidia.

Niliporudi Dada Neema alikuwa ananihurumia, nikachukia zaidi. Akasema hawezi kuapa kwamba huo mwendo ndio ulioumiza goti. Akasema mashine inaonyesha mwili unafanya nini, haionyeshi kwa nini, na watoto wengi hukimbia kombo na magoti yao yanazeeka salama. Alikuwa ananitafutia pa kutokea. Nilipaona. Sikupita, na nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza.

Nyumbani nikamwambia mama yako, nikiwa tayari kwa msiba. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Uliponioa ulikuwa unachechemea," akasema. "Nilijua siku ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ni mbwembwe za mjini."

Na kweli, nilikuwa nimezifanya ziwe mbwembwe. Ule mwendo wa bega kuyumba, uliofanya vijana wa kijiweni waniite Mzee wa Mikogo, ni kifundo tu. Kilianza kwa kuuma, nikakivalisha miwani ya jua.

Sasa turudi kwenye kabati.

Jana nilipanda kiti nikaitoa ile bahasha. Haikuwa imegundishwa. Nimeisoma mara nne. Inasema goti limepona vizuri. Inasema ukichoka, mwendo wa zamani unarudi. Inasema usiingie mashindanoni mpaka upimwe tena, uongeze mbio kidogo kidogo, na kuteremka milima kusubiri. Basi. Unajua nilikuwa natafuta nini mara zote nne? Jina langu. Nilikuwa na hakika mahali fulani imeandikwa "baba yake alimwamsha siku ya tatu". Haijaandikwa. Dada Neema aliyaona yote na hakuyaandika.

Nilikwambia uiache kwa sababu niliogopa. Niliogopa kocha ataisoma na kukuweka pembeni wenzako wakikimbia. Au atakurudisha, na watu wa Miyuji ambao nimewaambia wote, mpaka muuza mkaa, kwamba binti yangu anakwenda kambini, wataniuliza kulikoni. Unaona hofu ilikuwa ya nani? Nilikuwa tena mwisho wa ile njia ya nyuma ya msikiti, mikono nyuma, nakwambia njoo. Na wewe ukasema "sawa", na kesho ungepanda basi na kola mdomoni.

Huko kuna milima, Zuhura. Ukiwa umechoka, mwili utaacha aliyokufundisha Dada Neema na kurudi kwenye niliyokufundisha mimi. Kocha asipojua, atauona mwendo wako na kusema una madaha. Atakuongezea kilomita. Kano ya nusu haina nusu nyingine ya kutoa.

Kwa hiyo bahasha nimeiweka kwenye begi lako, ndani ya kiatu cha kulia cha mazoezi. Barua hii iko ndani ya cha kushoto. Huwezi kuvivaa bila kutukuta wote wawili. Mpe kocha siku ya kwanza, kabla hajakwambia ukimbie. Akikuweka benchi, kaa benchi, wewe una makalio ya kukaa benchi kama mtu mwingine yeyote. Wenzako watakuwa mbele. Utaumia roho, na utatamani kuwachekesha ili wasione. Mimi nimechekesha watu miaka yote hii. Kuficha maumivu ni kazi ya kutwa, mwanangu, haina Ijumaa wala sikukuu, na huwezi kuifanya pamoja na kazi nyingine. Mimi ilinilia hesabu zangu. Wewe una mbio, na unafaulu fizikia. Usiichukue kazi hiyo.

Na wakikurudisha, rudi. Utakuta mlango uko palepale. Muuza mkaa nitamjibu mimi, maneno sijawahi kukosa.

Sijui kama nimekuharibia. Nimejiuliza sana. Nilikupa mbio, na ndani ya mbio nikakuwekea kifundo changu bila kujua, kama mtu anayempa mtoto shati lenye mwiba mfukoni. Mwiba utoe. Shati naomba ubaki nalo, kama unalipenda. Dada Neema anasema ukikimbia vizuri sasa, zile dakika kumi za kwanza kabla hujachoka, hufanani na mtu yeyote. Nilikutazama wiki iliyopita ukikimbia hivyo, hatua ya kushoto inakaa chini mpaka wakati wake. Sikuuona mguu wangu kwako popote. Niliona wivu kidogo. Halafu nikaona raha kubwa, kama siku ile ya udongo mwekundu, ila safari hii alama zilikuwa zako tu.

Jambo la mwisho, usicheke. Alhamisi nilikwenda kliniki peke yangu. Nikamwambia yule binti, "Shikamoo, daktari," akanitazama kama nimepandwa na mashetani. Kanipa mazoezi. Kila asubuhi nasimama kwa mguu wa kushoto pale kwenye pipa la maji, nahesabu. Nikifika tisa naanguka. Jirani ameshaniuliza, "Baba Zuhura, umegeuka korongo?" Nikamjibu kwamba kifundo changu kinauma tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Hakucheka. Akasema, "Pole." Neno moja tu. Sikujua kwamba linaweza kuingia ndani namna ile.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, mnarudi. Acha nifunge begi kabla hujaona nimekuvurugia nguo.

Kesho stendi nitapakia begi lako, nitasema upuuzi wa kukuchekesha, basi litaondoka. Najua utageuka kutazama dirishani. Utaniona naenda zangu, na utaona mguu wa kushoto unachechemea, bega halina mbwembwe tena. Usishtuke, wala usidhani nimeumia pale pale stendi. Nitakuwa natembea tu. Nataka uwe mtu wa kwanza kuniona.

Baba yako,
Rajabu, ambaye kwenye mwinuko bado hapitiki, ila siku hizi anateremka polepole.